Keki ya Mama Mkwe

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Msicheke. Ofisi yetu ni ya vijana, kanuni zake zinataka kila anayefanya kazi hapo awe kijana, na ujana kwa hesabu ya serikali unaishia thelathini na tano. Siku yangu ya kuzaliwa ilipopita, mwenyekiti wa bodi alinipigia simu, akanipongeza kwa kuwa mtu mzima, kisha akauliza funguo nitamwachia nani.

Nawaandikia ninyi mliozichukua, Hawa na Joshua. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu: msaidizi, na msaidizi aliyebaki baada ya wenzake kuondoka. Nataka mjue kazi yenyewe ilivyo. Kazi yetu ni kumshika mkono mchoraji, mwimbaji, fundi, au kijana aliyetoka chuo na cheti chake, tukamsaidia ale kwa kile anachokijua bila kuhama Babati. Ni sentensi fupi. Nimeihangaikia ujana wangu wote.

Lazima niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hofu. Kazi hii sikuisomea popote. Nilimaliza kidato cha nne Maisaka, kompyuta nikajifunzia kwenye stationery ya jirani wakati hakuna wateja, kupiga picha nikajifunza kwa simu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana hakika kama amemaliza kujifunza, kwa hiyo mimi huhakikisha kila kitu mara nyingi mno. Ujumbe wa mistari miwili nausoma hadi maneno yanakuwa mageni. Kabla ya kumpigia simu mkubwa yeyote nafanya mazoezi ya kusema shikamoo. Mkiona picha zote ofisini zimenyooka sawasawa, ni kwa sababu zilipimwa na pima maji ya fundi ujenzi.

Ofisi ilianza kwenye stoo ya nyuma ya duka la vitambaa la Mama Zainabu, pale karibu na soko. Siku ya kwanza nilifika nimebeba mpango kazi kwenye bahasha. Mama Zainabu aliutazama ule mpango kama mtu anayetazama kitambaa kilichochuja, akaniambia, "Mwanangu, kabla hujawasaidia watu wa Babati kuuza, njoo usimame hapa kaunta uone wanavyonunua."

Nikasimama. Mteja wa kwanza alitaka kitambaa cha shela. Nilipima kwa makini, nikakata penye alama kabisa, si juu wala chini yake. Yule mama akakigeuza, akaniuliza, "Dada, hiki ni kitambaa changu au ni kielelezo cha mahakamani?" Sikuelewa. Mama Zainabu akanisogeza pembeni, akapima upya, akaachia upana wa kiganja zaidi, akakata. Mama akaondoka anatabasamu. "Nyongeza," Mama Zainabu aliniambia. "Hiyo ndiyo atakayoionyesha nyumbani kuliko kitambaa chenyewe." Nilikuwa na umri wa kuelewa jambo hilo mara moja, lakini ilinichukua miaka.

Kosa kubwa la mwanzo lilikuwa maonyesho. Niliandaa maonyesho ya wachoraji kwenye ukumbi, na mialiko yenye maua pembeni. Walikuja wachoraji, mgeni rasmi, na dereva wa mgeni rasmi. Mgeni rasmi alihutubia wachoraji kuhusu umuhimu wa wachoraji. Dereva ndiye aliyenunua picha, ya ng'ombe, na hadi leo namheshimu.

Mama Zainabu hakunicheka, alinipa chai. Akaniuliza, "Watu wa mji huu wanasimama wapi bila kazi?" Nikafikiri. Wanasimama kwenye mashine ya kusaga. Basi tukamwomba mwenye mashine moja huko Singe, na Fabiano, mchoraji wetu wa sura za watu, akaweka kiti chake mlangoni. Watu wakisubiri unga wao, yeye anachora. Unga ulikuwa ukipeperuka na kutua kwenye karatasi, kwa hiyo katika picha za mwanzo kila mtu anaonekana amezeeka kidogo. Wazee walizipenda. Fabiano leo anachora mabango na kuta za shule hadi Magugu, na bado watu humwita Fabiano wa Mashine.

Hapo ndipo nilipopata kanuni yetu ya kazi, na ndiyo nawaachia: mpeleke msanii mahali watu wanaposubiri. Hapa kwetu mtu hanunui kazi ya mtu ambaye hajamwona akiifanya. Na kifaa cha kwanza kubeba popote mwendapo ni waya wa extension, mrefu, wenye soketi zinazoshika. Nimeona shughuli nyingi Babati zikiharibika, na chache ziliharibika kwa kukosa vipaji. Soketi zilikuwa mbali.

Sasa niwaeleze habari ya Paskalina, kwa sababu mtasikia ikisimuliwa vibaya.

Paskalina ni binti wa hapa hapa Singe. Alikuwa Arusha akiuza kava za simu dukani kwa mtu, akarudi na nia ya kuwa MC wa sherehe. Mnajua sherehe ndizo kiwanda cha mji huu. Harusi moja inalisha mpambaji, mpiga picha, mpishi, fundi cherehani, mwimbaji na dereva. Anayeshika maiki ndiye anayewaunganisha wote. Lakini kamati za harusi zilizoea wanaume. Na Paskalina mwenyewe alikuwa na tatizo: sauti aliyoitumia kwenye maiki haikuwa yake. Alijifunza kwa video za wasanii wa Dar, anavuta maneno, anapiga kelele, anawaita wageni "familia yangu" kabla hawajamjua.

Nilimpeleka kwenye mashine ya kusaga. Hakuwa na la kuchora, akakaa tu na kupiga soga na wanaosubiri. Nikamsikia akiongea na bibi mmoja kwa sauti ya chini, ya polepole, na kila aliyekuwa karibu alinyamaza ili asikie. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo ya kwenye maiki." Akajibu, "Dada Witi, hii ni ya kuongea na bibi." Tulibishana hilo kwa muda mrefu.

Alipata sherehe moja ya kipaimara, kisha nyingine. Kisha Mama Glory akamtaka.

Mama Glory anauza samaki wa ziwani sokoni, na kila mtu anamjua. Ni mjane, amelea mabinti wawili kwa meza ile ile ya samaki. Binti mkubwa, Glory, alikuwa anaolewa na Saning'o, mtaalamu wa mifugo, Mmasai kutoka Simanjiro, kijana mpole sana. Mama Glory alimsikia Paskalina kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, akaiambia kamati kwamba anamtaka huyo. Kamati ilikubali shingo upande. Mwenyekiti wake, Baba Neema, alituita akasema, "Tunampa nafasi. Lakini hii si kipaimara. Ikiharibika, asitegemee kamati nyingine hapa mjini." Paskalina alicheka mbele yake. Tulipotoka nje akaniambia ikiharibika hatakuwa na la kufanya ila kurudi kwenye kava za simu.

Nikaandaa ratiba. Sijawahi kuandika kitu kwa upendo kiasi kile. Kila tendo na mahali pake: kuingia kwa wazazi, utambulisho, keki, zawadi, chakula. Chini ya keki niliandika, kama tunavyofanya harusi zote: bwana harusi amlishe mama mkwe.

Wiki ya harusi, Saning'o alikuja ofisini peke yake. Alisalimia, akaketi, akauliza hali ya mvua, akauliza ofisi inaendeleaje. Mimi na Paskalina tukangoja.

"Dada," hatimaye alisema, "kuna keki."

"Ipo," nikamjibu kwa fahari. "Imepangwa vizuri."

"Hapo ndipo penye tatizo."

Akatueleza akitazama sakafu. Kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mkwe hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, anampisha. Kumtia chakula mdomoni mbele ya ukumbi mzima, na wajomba zake wamekaa, ni aibu ambayo hajui angeibebaje. Wajomba walikwisha kumwambia kwamba akifanya hivyo watainuka na kuondoka.

"Umemwambia Glory?" Paskalina akauliza.

"Nimemwambia. Anasema mama amenunua gauni la keki."

Si kwamba Mama Glory ni mtu wa anasa. Rafiki zake wote wa sokoni walishalishwa keki na wakwe zao, na picha ziko ukutani. Yeye mwenyewe aliolewa bila keki wala ukumbi. Alikuwa ameingoja hiyo keki tangu Glory yuko shule.

Tukaenda kwa Baba Neema. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Keki ni keki. Mkimpita yule mama mbele ya watu, mmemwaibisha. Mkimlazimisha kijana, mmewaaibisha wageni. Mimi ni mwenyekiti, si mchawi. Mwenye maiki ndiye atajua." Kisha akamtazama Paskalina, na hakurudia onyo lake, maana halikuhitaji kurudiwa.

Njiani nikatoa ratiba na kalamu. Nilisema tulifute tendo lile la keki kwenye ratiba, tupite haraka, muziki upigwe kwa sauti.

"Ukilifuta watu watauliza limekwenda wapi," Paskalina akasema. Akampigia Saning'o palepale kando ya barabara. "Shemeji, samahani. Kwenu mkwe anamwonyeshaje mama mkwe kwamba anamheshimu?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia jibu. "Anampa kondoo."

"Kondoo wa nyama?"

"Mzima. Akishampa, hawaitani tena kwa majina. Yeye atamwita Paker, na mama naye atamwita Paker. Maana yake wamepeana kondoo. Ni jina la heshima, la watu wawili tu. Wajomba walitaka kumpeleka nyumbani kwake baadaye."

"Asiende nyumbani. Aje ukumbini."

"Nani?" nikauliza mimi.

"Kondoo," akasema Paskalina, akakata simu.

Tulikwenda sokoni kumwambia Mama Glory, maana Paskalina alikataa kumshtukiza mtu mzima mbele ya watu. Alikuwa anaparua magamba. Paskalina alimwamkia, akamweleza lote, bila kupaka sukari. Mama Glory hakuacha kuparua.

"Kwa hiyo mimi nitalishwa na kondoo."

"Hapana, mama. Kondoo utapewa. Keki utalishwa na mama yake Saning'o."

"Mzazi mwenzangu."

"Ndiyo, mama."

"Wenzangu walilishwa na wakwe."

"Najua, mama."

Akamgeuza samaki upande wa pili. "Nitafikiri," akasema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Tuliingia ukumbini siku ya Jumamosi bila kujua kama atainuka kwenye kiti chake.

Mimi nilikaa karibu na meza ya DJ, nimekanyaga waya wa extension ili asiuguse mtu. Mama Glory alikuja na lile gauni, la rangi ya zambarau, akaketi meza ya wazazi kama amekaa kupigwa picha ya pasi ya kusafiria. Wajomba wa Saning'o walikaa mstari mmoja, mashuka mekundu yamepigwa pasi, fimbo magotini. Baba Neema alikuwa anafuta kipara.

Keki ikakatwa. Maharusi wakalishana, watu wakapiga makofi, na simu zote zikainuka kwa ajili ya tendo linalofuata. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mjomba mmoja anamwongoza kondoo jike mweupe, ameogeshwa hadi anang'aa, shanga shingoni.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. DJ, bila kuambiwa, akapiga ngoma. Kondoo akashtuka, akasimama katikati, kisha akaona lile tao la majani na maua mabichi ambalo mpambaji wetu alilitengeneza tangu alfajiri, akaanza kulila. Niliwaza kwamba sasa ndiyo tumekwisha. Namkumbuka mama mmoja nyuma yangu akisema, "Hawa watoto wameleta mboga ukumbini."

Paskalina alimpa DJ ishara azime. Akasubiri. Nilimwona akivuta pumzi, nikajua atapiga kelele ile ya Dar. Badala yake akaongea chini, polepole, kama pale kwenye mashine.

"Wazazi wangu, shikamoo. Naomba tusicheke kidogo. Nitawaruhusu baadaye."

Watu wakanyamaza ili wasikie.

"Harusi nyingine mmeona mkwe anamlisha mama mkwe keki. Kwa kina Saning'o, mama wa mke ni mtu wa kuheshimiwa mno kiasi kwamba mkwe hathubutu kumsogelea hivyo. Hawezi kumtia kijiko mdomoni kama mtoto. Anachofanya ni kumletea mnyama mzima kutoka boma la baba yake. Mama akimpokea, wawili hao wanapata jina ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulitumia. Sisi wengine wote humu tutaendelea kuwa na majina yetu ya kawaida." Akageuka. "Mama Glory, kondoo wako huyu hapa. Ukimpokea ni sawa. Usipompokea pia ni sawa, mimi nitasema tu tuendelee na zawadi."

Saning'o alikuwa amesimama mbali, kichwa chini. Mama Glory hakutikisika. Kilichosikika ni kondoo anatafuna. Baba Neema alinitazama mimi, kana kwamba naweza kufanya kitu.

Mama Glory akainuka. Akazunguka meza, gauni amelishika kwa mkono mmoja, akamwendea kondoo moja kwa moja. Hakumgusa kichwani kama tunavyogusa tukiogopa. Alimbonyeza mgongoni, kwenye uti, kama mtu anayenunua.

"Huyu amelishwa vizuri," akasema. Maiki ilimnasa, ukumbi mzima ukasikia. "Na anaendelea kulishwa."

Wajomba wakaguna kwa kuridhika. Mjomba akamkabidhi kamba. Mama Glory akamwuliza Paskalina, "Namwitaje?"

"Paker, mama."

Akageuka upande wa Saning'o, bila kumsogelea. "Paker," akamwita.

"Paker," Saning'o akajibu, bado kichwa chini.

Ndipo mama yake Saning'o alipokuja na kipande cha keki mkononi, bila kijiko wala sahani. Ni mama mwembamba, shanga shingoni hadi mabegani, Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akamlisha Mama Glory. Mama Glory akachukua kipande kikubwa zaidi akamlisha yeye. Krimu iliwafika hadi mashavuni, na vigelegele vilianza kabla hawajameza.

"Sasa mnaruhusiwa kucheka," Paskalina akasema, na watu walicheka hadi mpambaji naye akacheka, ingawa nusu ya tao lake ilikuwa imekwisha.

Mngedhani nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilirudi nikiwa na wasiwasi. Watu walicheka, lakini kicheko cha ukumbini kinaweza kugeuka sokoni. Jumapili nzima nilijiuliza kama Mama Glory alikubali kwa moyo au kwa sababu ya simu zilizoinuliwa. Paskalina naye hakupiga simu, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Jumatatu asubuhi tulikuwa wote wawili ofisini tukijifanya tuna kazi. Mama Glory akaingia na aproni yake ya samaki. Nikainuka haraka hadi nikagonga meza. Shikamoo yangu, niliyoifanyia mazoezi, ilitoka imevunjika.

"Marahaba," akajibu, akanipita, akaenda kuketi mbele ya Paskalina.

"Baba Neema ameniuliza kama niliridhika," akasema.

Paskalina akaweka simu yake chini.

"Nikamwambia, wenzangu wote sokoni walipewa kipande cha keki, wakala, kikaisha. Mimi wa kwangu yuko nyuma ya nyumba, ana mimba." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Sasa, Upendo, mdogo wake Glory, naye amepata mtu. Harusi itakuwa baada ya mavuno. Kamati tumeshaiambia ni wewe."

"Asante, mama," Paskalina akasema kwa sauti ndogo.

"Usishukuru bado. Huyu ni Mchaga. Wao mnyama wao anakuja ameshaiva."

Paskalina akacheka, kisha akavuta kiti chake karibu. "Wachaga wa wapi, mama? Maana mbuzi wao wa ndafu naye ana wenyewe, nani anamkata, nani anapewa kichwa. Nitakwenda kuwauliza kwanza."

Wakaanza kupanga. Nani aulizwe, lini, mama wa upande ule ni mtu wa namna gani, shangazi wepi wana maneno. Nilikaa na kalamu tayari nikingoja waniulize kuhusu ratiba. Hakuna aliyegeuka. Sauti zao zilikuwa za chini, za watu wenye kazi yao, na nilitambua kwamba nilichokuwa nakingoja miaka yote hiyo ndicho kilichokuwa kinatokea, pale mezani, bila mimi.

Nikaweka kalamu chini, nikaenda kuwachemshia chai.